Wamakonde wa Msambweni na Sadaka ya Ushahidi

Yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya kugawa msaada, iwe ya msikiti, ya shule au ya mtaa, anaijua kazi ya orodha. Majina huandikwa mstari baada ya mstari, na mbele ya kila jina huwekwa nambari ya kitambulisho, ili mtu mmoja asichukue fungu mara mbili, na ili mfadhili akija kuuliza apate cha kuonyeshwa. Ni utaratibu mwema nasi hatuulaumu. Lakini huku kwetu Kwale, kwa zaidi ya nusu karne, walikuwapo watu kwa maelfu ambao orodha hizo hazikuweza kuwaandika. Si kwamba hawakuwa na shida. Shida yao yenyewe ilikuwa ni kuikosa nambari hiyo.

Watu hao ni Wamakonde wa Makongeni na vijiji jirani vya Msambweni. Wasomaji wetu wengi wamekua nao, wamesoma nao madarasa ya awali, wamenunua kwao vinyago na mbao zilizochongwa, na si wachache waliooana nao. Wamo Waislamu miongoni mwao na wamo Wakristo. Habari yao ilipata kusikika nchi nzima mwaka 2016, ikasherehekewa mwaka 2017, kisha ikasahauliwa kama zinavyosahauliwa habari nyingi za pwani. Tumeona vyema kuirudia, kwa sababu ndani yake mna somo kuhusu hisani ambalo halipatikani kwa urahisi pengine.

Kwao kwa asili ni nyanda za juu zilizo pande zote mbili za Mto Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji na kusini mwa Tanzania. Kuanzia miaka ya 1930 wanaume wao waliletwa, na wengine wakajileta, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani ya Kenya. Huku kwetu walifuata miwa ya Ramisi na kiwanda chake cha sukari. Wengine walikuja baadaye wakiukimbia utawala wa Wareno, hasa baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Walikata miwa, wakavunja mawe, wakachonga mpingo, wakajenga nyumba za makuti na udongo kama zetu, wakazaa watoto ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kiswahili na Kidigo. Kiwanda cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, kibarua kikakatika kwa wote, Mdigo, Mkamba na Mmakonde. Tofauti ilikuwa moja: wengine waliweza kwenda kutafuta riziki Mombasa na Nairobi, ilhali Mmakonde alibaki palepale, maana hakuwa na karatasi ya kumvusha.

Ilikuwaje akaikosa? Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilimpa uraia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya ikiwa mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Kenya. Wengine waliokuwa wakiishi hapa waliachiwa dirisha la miaka miwili wajiandikishe kwa hiari yao. Sasa tumfikirie mkata miwa wa Ramisi wa wakati ule, asiyesoma gazeti, ambaye mwajiri wake hakumwambia lolote na ambaye hakuna aliyemfuata kambini kumweleza. Dirisha lilifunguliwa na likafungwa naye yuko shambani. Baada ya hapo mtoto wake alirithi ukosefu ule, na mjukuu akaurithi tena.

Hapa yafaa kukumbuka jambo ambalo vijana wetu hawalisikii sana. Hadi mkesha wa uhuru, Msambweni, Gazi, Vanga na Shimoni zilikuwa ndani ya ukanda wa maili kumi uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukiendeshwa na Waingereza kwa jina lake. Waingereza hao hao waliwagawa watu wa pwani kwa asili: huyu mwenyeji, yule si mwenyeji, huyu Mwarabu, yule Mswahili, kila mmoja na kodi yake, shule yake na sheria yake. Kipande kilivalishwa Waafrika shingoni. Mgawanyo ule wa watu kwa damu haukufa ile siku bendera iliposhushwa. Uliingia katika daftari za serikali mpya na swali likawa lile lile, isipokuwa safari hii liliulizwa na karani wa Kiafrika: wewe kabila gani? Mvumba wa Vanga au wa Wasini analijua swali hilo. Mmakonde alilijua zaidi, kwa sababu jibu lake halikuwamo katika orodha ya karani.

Kuishi bila kitambulisho, kwa asiyejua, huonekana kama usumbufu mdogo. Mtu mzima asiye nacho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana M-Pesa. Hafungui akaunti ya benki, hapigi kura, haandikwi kazi ya kudumu katika hoteli za Diani, hapati leseni ya udereva, hamiliki shamba kwa hati. Akivuka feri ya Likoni huvuka na hofu ya askari. Wapo walioazimwa majina na majirani: simu ya Mmakonde ikasajiliwa kwa jina la Mdigo, na akiba yake ikalala katika jina lisilo lake kwa amana tupu. Mara nyingi amana ilitunzwa. Lakini mtu ambaye mali yake yote inategemea wema wa jirani, hata jirani awe mwema vipi, hajatimia utu wake mbele ya sheria. Miaka kumi na minane, umri ambao kijana mwingine huungoja kwa hamu, kwa kijana wa Makongeni ulikuwa ndio mlango wa kufungiwa. Hadi hapo alikuwa mwanafunzi kama wenzake. Baada ya hapo alikuwa mgeni katika kijiji alimozaliwa.

Na sasa tufike penye kiini cha maneno yetu. Ukosefu huu uliziba njia ya serikali, na pamoja nayo ukaziba njia ya hisani. Fomu ya basari ya kaunti au ya eneo bunge hudai nakala ya kitambulisho cha mzazi. Fedha za wazee za mpango wa Inua Jamii haziendi kwa asiye na kitambulisho. Chakula cha msaada wakati wa njaa hugawiwa kwa orodha. Hata kamati zetu za zaka na za misikiti, kwa kutaka kuwa waaminifu, zimezoea kuomba nambari. Kwa hiyo yule aliyekuwa maskini kuliko wote ndiye aliyekuwa mbali zaidi na mkono unaotoa. Wanazuoni wetu wamehesabu makundi manane yanayostahiki zaka, na hatukumbuki kusikia kwamba sharti la kuingia katika kundi lolote ni kipande cha serikali. Zaidi ya hapo tunawaachia masheikh.

Hisani nyingine haikukosekana. Pwani yetu ina watoaji wengi, na Diani ina wageni ambao kila msimu huacha visima, madawati, kalamu na vibao vyenye majina yao ukutani. Hatuwabezi, kisima ni kisima, na maji yake hunywewa. Lakini kuna hisani inayomwona mtu kama mpokeaji tu, imhurumie kisha imwache palepale ilipomkuta. Mtoto wa Makongeni angeweza kupewa kalamu na wageni kumi kwa mwaka, na bado kalamu zote kumi zisiweze kuandika jina lake katika daftari la raia. Usawa wa watu wa asili mbalimbali hauletwi na wingi wa vitu vinavyogawiwa. Huletwa na mtu kuhesabiwa pale wenzake wanapohesabiwa.

Yaliyobadilisha mambo yalikuwa mkusanyiko wa mikono mingi, na inafaa kuitaja mkono mmoja mmoja, kwa sababu kila mmoja ulifanya ambalo mwingine hangeliweza.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Wamakonde wenyewe. Walikuwa na kamati na viongozi wao, na kwa miaka mingi kamati hiyo iliandika barua na kubisha hodi ofisi baada ya ofisi, wakati hapakuwapo shirika wala mfadhili. Tunalisema hili mapema kwa sababu katika ripoti nyingi za miradi jamii huonekana kana kwamba ilikuwa imelala, hadi mradi ulipokuja kuiamsha.

Mkono wa pili ni wa mashirika ya haki. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC, ambayo licha ya jina lake si ya serikali, ilikuwa na mawakili na sauti Nairobi. Haki Centre ya Mombasa ilikuwa na miguu huku pwani. Tume ya Taifa, ile ya serikali, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, zilikuwa zimekwisha kutoa ripoti mwaka 2010 juu ya watu wasio na uraia nchini, na UNHCR ilianzisha kampeni ya dunia nzima mwezi Novemba 2014 ya kuukomesha ukosefu wa uraia katika miaka kumi. UNHCR ilileta utaalamu na gharama. KHRC ikaleta sheria. Haki Centre ikaleta ujirani. Hakuna fungu hata moja kati ya hayo ambalo lingetosha peke yake. Sheria bila watu wa kijijini ni makaratasi ya Nairobi, na watu wa kijijini bila sheria wangerudishwa malangoni kama walivyokuwa wakirudishwa tangu zamani.

Sheria yenyewe ilikuwapo. Katiba ya 2010 ilimruhusu mama, sawa na baba, kumrithisha mtoto uraia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ikafungua dirisha jingine: mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, aliyeishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyake, aliweza kuandikishwa kuwa raia kwa masharti kadhaa. Mojawapo ya masharti ni kujua Kiswahili au lugha ya mahali. Tulipolisoma sharti hilo tulitabasamu, kwa kuwa si maofisa wote waliowahoji Wamakonde ambao wangefaulu mtihani huo wakitahiniwa na wazee wa Msambweni.

Dirisha lilikuwa la miaka mitano, yaani hadi mwisho wa Agosti 2016. Miaka ikapita, kamati za serikali zikaundwa, watu wakaandikwa majina, na vitambulisho havikuja. Muda ukaisha. Serikali baadaye iliurefusha kwa miaka mitatu, lakini Wamakonde walikuwa wamechoka kurefushiwa.

Mwezi Oktoba 2016 wakaondoka Kwale kwenda Nairobi. Walikuwa wapatao mia tatu, wazee, vijana, na akina mama wenye watoto, pamoja na waliowaunga mkono kutoka mashirika na jamii nyingine. Safari ya karibu kilomita mia tano waliifanya sehemu kwa miguu na sehemu kwa gari. Tufikirie ujasiri wake: mtu ambaye kwa miaka yote aliogopa hata kuvuka Likoni kwa kuhofia kuulizwa kitambulisho, sasa anaifuata barabara kuu ya Mombasa mchana kweupe, akiwapita askari wa kila kizuizi, akienda kumwambia mkuu wa nchi kwamba hana kitambulisho. Tarehe 13 Oktoba Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu. Aliomba radhi kwa kucheleweshwa kwao, akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya Desemba mwaka huo.

Ahadi ilichelewa kidogo, lakini ilitimia. Tarehe 1 Februari 2017 vitambulisho vya kwanza vilikabidhiwa huku huku Kwale, na Wamakonde wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Miezi michache baadaye, Julai 2017, Wakenya wenye asili ya Kihindi wakatangazwa kuwa la 44. Huenda msomaji akauliza kama ni jambo la fahari kwa nchi kuwa bado inahesabu raia wake kwa makabila. Nasi hujiuliza. Lakini hilo ni swali la aliye ndani ya nyumba; aliye nje mvuani hamuulizi mwenye nyumba kwa nini ameupaka mlango rangi hii.

Katika kusimulia habari hii watu hupenda kukomea hapo, kwenye picha za wazee wakivibusu vitambulisho. Sisi tungependa kukaa kidogo mahali pasipopigwa picha, nyumbani kwa majirani.

Katika desturi ya usajili huku kwetu, karani hajui nani kazaliwa wapi. Huuliza chifu, na chifu huuliza wazee wa mtaa. Mtu asiye na cheti cha kuzaliwa, ambaye wazazi wake nao hawakuwa nacho, hana kitu cha kumtambulisha isipokuwa kumbukumbu za watu wengine: kwamba mama yake alijifungulia nyumba ile, kwamba baba yake alikata miwa mwaka ule wa mafuriko, kwamba yeye mwenyewe alitiwa jandoni pamoja na fulani. Kumbukumbu hizo ziko kwa Wadigo. Kwa hiyo siku Mmakonde alipohitaji ushahidi, haki yake ilikuwa katika ulimi wa jirani yake, si katika mfuko wa mfadhili.

Hatusemi kwamba ndimi zote zilikuwa nyepesi. Ardhi ya Kwale ina majeraha yake. Watu wetu wengi wameishi kama maskwota juu ya ardhi ya babu zao, na mtu aliyenyang'anywa huwaogopa wengi wanaokaribia kilichobaki. Palikuwa na minong'ono: wakipewa vitambulisho, watadai mashamba, wakipiga kura, watachagua nani? Minong'ono hiyo haikuwa ya ajabu, na kuificha si uungwana. Lakini mzee anayeitwa kueleza anachokijua, akanyamaza kwa hofu ya shamba, amezuia haki kwa kimya chake. Mzee anayesimama akasema, huyu ni wetu, alizaliwa hapa, nami nilikuwapo, ametoa sadaka ambayo haina gharama ya shilingi moja na ambayo hakuna taasisi ya nje ingeweza kuitoa kwa niaba yake. Walikuwapo waliosimama. Ndoa zilisaidia, mazishi ya pamoja yalisaidia, na mechi za mpira za Makongeni na Gazi pengine zilisaidia kuliko semina zote.

Ndiyo maana tunasita tunaposikia wafadhili wakilizungumzia suala la usawa wa asili na rangi kama jambo la bajeti. Bajeti inahitajika, mawakili hula, na mabasi hunywa mafuta. Lakini ushirikiano huu ulifaulu kwa sababu wale wenye fedha hawakukaa mbele. Katika safari ya Nairobi waliotangulia ni wenye shida, na mashirika yalitembea kando yao. Mradi ambao wanaosaidiwa huitwa mwishoni kuja kupigwa picha na kuvaa fulana ni wa aina nyingine.

Lipo na lililo chungu. Uraia wa Wamakonde, ingawa sheria ilikwisha kuuweka wazi tangu 2011, ulipatikana kwa amri ya mtu mmoja, baada ya watu kutembea. Haki inayotoka mkononi mwa mkubwa hushukuriwa kama zawadi, na zawadi humpata aliyefika mlangoni. Dirisha la sheria lilifungwa tena Agosti 2019, na walikuwapo ambao hawakuwa wamefika. Washona waliokuja kutoka Zimbabwe miaka ya 1960 walingoja hadi sikukuu ya Jamhuri ya mwaka 2020. Wapemba, jirani zetu zaidi, walingoja hadi 2023.

Habari ya Wapemba ingehitaji makala yake, lakini haiwezekani kuizungumzia Kwale tukawaruka. Kutoka Shimoni na Vanga hadi Pemba ni safari ya jahazi, na kabla ya 1963 hapakuwa na mpaka majini wa kumzuia mvuvi. Pande zote mbili bendera ilikuwa ya Sultani mmoja. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakipanda na kushuka na upepo tangu zamani, na wengi walikwisha kuhamia kabisa katika vijiji vya Kwale na Kilifi. Wengine walifuata baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Januari 2001, baada ya watu kuuawa kwa risasi huko Pemba, wakimbizi zaidi ya elfu mbili walivuka, na kituo chao cha kwanza kilikuwa Shimoni. Hao wa mwisho waliitwa wakimbizi, na jina hilo angalau lilikuwa na ofisi yake. Mpemba aliyezaliwa Kenya na baba aliyezaliwa Kenya hakuwa mkimbizi wala raia. Hakuwa na leseni ya uvuvi kwa jina lake, na samaki aliyemvua kwa jasho lake ilimbidi amuuze kwa kupitia mwenye karatasi, kwa bei ya mwenye karatasi. Mwaka 2023 serikali iliwatambua kuwa jamii mojawapo ya Kenya, na watu wapatao elfu saba wakafunguliwa njia ya uraia. Huko nako mashirika yale yale yalikuwapo, na huko nako kamati ya wenyewe ilitangulia.

Je, yamekwisha? Kitambulisho ni ufunguo, na ufunguo si nyumba. Ardhi bado. Mtu mzima aliyepata karatasi ya kwanza akiwa na miaka hamsini hawezi kurudishiwa miaka ya shule ya upili aliyoikosa. Kisha kuna watoto. Mtoto ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikishwa kwa wakati, kwa sababu wazazi wake waliogopa ofisi, atadaiwa cheti atakapoandikishwa kufanya mtihani wa taifa, na kumwandikisha kwa kuchelewa huhitaji picha, nakala, barua na nauli ya kutoka Vanga au Majoreni hadi ofisini, na mara nyingi si safari moja. Kwa familia ya mvuvi, nauli hizo ni chakula cha siku kadhaa. Huko Kibra kwa Wanubi, Garissa kwa jirani zetu wa kaskazini, na hapa pwani, mashirika yamewafunza vijana wa mitaa kuwa wasaidizi wa sheria, wenye kujaza fomu na kumsindikiza mtu hadi dirishani. Ni kazi ndogo isiyo na ngoma wala hotuba. Ubaya wake ni kwamba hutegemea miradi, na mradi una tarehe yake ya mwisho. Kijana aliyefunzwa akaaminiwa na kijiji huachwa bila posho siku mradi unapofungwa, na foleni haijui kwamba mradi umefungwa.

Hapa ndipo tunapoona nafasi ya hisani ya wenyewe, ile isiyo na tarehe. Msikiti hauondoki mradi ukiisha. Kamati ya madrasa inawajua watoto wote wa kijiji, aliye na cheti na asiye nacho, mapema kuliko mwalimu mkuu. Kumlipia msaidizi wa sheria mmoja nauli zake za mwezi ni mzigo ambao misikiti mitatu ikishirikiana inaweza kuubeba bila kuandikia ubalozi wowote barua. Na zile fomu zetu za msaada zenye nafasi ya nambari ya kitambulisho, hapana kizuizi cha kuongeza chini yake nafasi ya pili ya kumwuliza mtu: kama huna, umezuiwa wapi? Majibu yatakayoandikwa hapo yatamfaa wakili kuliko ripoti ya kurasa mia. Wala isiulizwe kama mwenye kujaza fomu ni Mmakonde Mkristo au Mpemba Mwislamu. Njaa ya karatasi haina dhehebu.

Lakini lililo la haraka zaidi ni wazee. Sheria iliuliza habari za tarehe 12 Desemba 1963, na aliyekuwa na umri wa miaka ishirini siku hiyo leo amepita themanini. Hao ndio wanaoweza kusema, namjua babu yake, tulikata miwa pamoja Ramisi. Kila mwaka wanapungua, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na yeyote mwenye kalamu. Kiapo cha maandishi mbele ya kamishna wa viapo hubaki hata aliyeapa akiondoka. Wapo wazee wa namna hiyo Makongeni, wapo Gazi, wapo Shimoni na Majoreni, na baadhi yao hukaa barazani kila jioni baada ya Alasiri, umbali wa hatua chache kutoka ofisi ya chifu.